Magogo Yaliyobaki Ng'ambo ya Kinamasi

Aune Niskala,
Kortelampi,
Laplandi, Ufini.
27 Aprili 1948

Mpendwa mdogo wangu Elvi,

Amani ya Mungu ikukute salama, wewe na shemeji yangu Gösta na mtoto. Sisi huku tunapumua, na anayepumua husema hajambo. Vipi jino la Gösta, limeng'olewa au bado anatembea na shavu kama mtu aliyeficha kiazi? Na mguu wako uliokuwa umevimba, umenywea? Na kifua cha Maaret je? Ukijibu anza na kifua, ndugu yangu, mengine yafuate. Barua zako huwa naziruka mistari nikitafuta neno hilo, nikishalipata ndipo narudi juu kuzisoma kama mtu mstaarabu.

Kahawa imefika. Loo, Mungu akulipe! Mama mkwe wangu Loviisa aliunusa ule mfuko weee, hakutaka mtu aufungue. Huku bado tunakaanga mizizi na kuiita kahawa kwa heshima tu. Ilipochemka kahawa yako ya kweli, Mama Loviisa alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, akasingizia moshi. Mimi nikamwacha na moshi wake.

Picha aliyochora Maaret nayo nimeipata. Nyumba ina bomba la moshi, na watu watatu wamesimama mlangoni wameshikana mikono. Nimeibandika juu ya kitanda, upande ule ambao ukuta hautoi maji sana. Mume wangu Uuno akaniuliza hao watatu ni akina nani. Nikamjibu, si mimi na wewe na mtoto, kwani huoni? Akatazama, akageukia ukuta, akalala.

Sasa nikujibu ulichoniuliza mara mbili, na mara zote mbili nikajifanya sikukiona. Maaret wangu, niliyekukabidhi tulipokimbia vita, anatimiza miaka saba Agosti, na mwalimu wa huko kwenu anataka kujua kama ataanza shule Uswidi au Ufini. Haki yake kuuliza. Na haki yako kukasirika kwamba dada yako hajibu. Lakini Elvi, si ukaidi. Nilikuwa nasubiri magogo.

Unakijua kiapo changu. Tulipomzika Tauno wangu msimu wa baridi wa mwaka jana, na mwaka mmoja alikuwa hajautimiza, niliapa mbele ya Uuno na mbele ya baba yake kwamba hakuna mtoto wangu mwingine atakayelala chini ya ardhi kabla Mungu hajamwita. Wajerumani waliichoma nyumba yetu walipokuwa wanaondoka, wakatuachia handaki lao kama chenji, na ndani ya hilo handaki ndimo tunamolala mpaka leo. Udongo unatoa jasho. Blanketi linaota ukungu ukilipa kisogo. Maaret na kile kifua chake, aje alale humu? Ng'o. Nikasema atarudi siku kutakapokuwa na sakafu ya mbao na kuta za magogo, na si siku moja kabla. Uuno akasema basi nyumba itasimama kiangazi hiki, mtoto aanze shule kwao. Sote tukashika hapo.

Msitu wa upande wetu wa ziwa ulishaungua, na pale usipoungua kuna mabomu yaliyofukiwa ambayo bado hayajapatikana yote. Kwa hiyo miti ilibidi ikatwe kule mlimani Kuusivaara, ng'ambo ya Kinamasi Kikubwa. Baba mkwe wangu, Mzee Iisakki, ndiye aliyeichagua, na unamjua yule mzee. Kila mti aliutia kasoro. Huu umepinda, huu una kiburi, huu utalia usiku. Uuno akamwambia, "Baba, tunatafuta magogo au mchumba?" Mzee akamjibu, "Mchumba ulimchagua wewe mwenyewe, ndiyo maana gogo nachagua mimi." Nilikuwepo, nimeshika msumeno upande wa pili! Nikamwambia nimemsikia. Akasema alikusudia nisikie. Tulicheka siku hiyo, Elvi. Novemba ile tulikuwa tunacheka.

Wewe umekulia huku, lakini Gösta mtu wa mjini ukimsomea barua hii hataelewa, kwa hiyo mweleze. Kinamasi hakipitiki kiangazi, ni uji mtupu. Hupitika wakati wa baridi kikiganda, na hata hapo hakigandi chenyewe, maana theluji ikikitangulia inakuwa blanketi. Juu nyuzi joto zinashuka mpaka pua inauma, chini ya theluji uji uko palepale, vuguvugu. Basi lazima watu watembee juu yake, waikanyage theluji ibanane, baridi ipate pa kuingilia. Ikishuka nyingine, mnakanyaga tena. Tulikanyaga sisi wanawake, mimi na Mama Loviisa na wake wa majirani, mguu kwa mguu, tangu kando ya ziwa mpaka chini ya mlima. Mama Loviisa na umri wake alitangulia mbele akiimba zaburi, sisi nyuma tukimwomba apunguze mwendo. Mahali pabaya ni pamoja tu, pale katikati tunapopaita Jicho, ambapo maji yanabubujika kutoka chini. Pale tulikanyaga mara mbili ya kwingine. Mwisho wa Januari Uuno akapiga mtaimbo pale Jicho, ukalia kama umepiga kengele ya kanisa. Njia ilikuwa imeshika.

Februari Mzee Iisakki akafa. Nilikuandikia kwa kifupi, sasa nikwambie vizuri. Alikohoa tu, akasema anataka maji, nikageuka kuchota, nikarudi na kikombe cha mtu ambaye hahitaji tena. Jana yake usiku alikuwa ameniuliza, "Jicho limeshika?" Nikamwambia limeshika, Baba. Akasema, basi Maaret anakuja.

Kanisa liko ng'ambo, na jeneza lilibidi lipite njia ileile ya magogo. Na wewe unajua marehemu hapitishwi juu ya theluji tupu kama mzigo wa kuni. Tulimkatia matawi mabichi ya msonobari, tukamtandikia, kidogo kidogo njia nzima, kama ilivyo desturi. Lakini tulipofika Jicho Mama Loviisa akataka yarundikwe. Kuna tuta pale, sleji inayoteleza juu ya theluji hurushwa. "Wekeni mengi," akasema, "mzee wangu ana mgongo." Nani angemkatalia mjane? Tukaweka mengi. Yakafika magotini. Jeneza likapita pale kama limebebwa mikononi, hata halikutikisika, na Mama Loviisa akatikisa kichwa akaridhika.

Na matawi ya maziko hayaokotwi. Unayajua haya toka utotoni, anayeokota matawi ya marehemu anafagia njia ya maiti mwingine atoke mlango uleule. Sisi tuliokwisha kutoa wawili ndani ya mwaka mmoja, nani angethubutu kuyagusa? Tukayaacha. Theluji ikashuka juu yake, nyingi. Tukaikanyaga kama kawaida, tukarudi nyumbani. Njia ikawa nyeupe, sawa, nzuri ya kutamanisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Elvi, watu wazima wote sisi, tuliozaliwa kando ya kinamasi, hakuna aliyefikiri kwamba tumekitandikia godoro, tukakifunika na shuka, kikalala joto.

Farasi wetu, kama unavyojua, alichukuliwa na vita. Farasi wa kuvuta magogo alikuwa wa jirani yetu Nestori Alakangas, yule mwembamba mwenye mdomo, na jike lake Vieno lilikuwa linafanya kazi kwenye kambi ya mbao mpaka mwisho wa Machi. Alipokuja hatukuwa na muda wa kupoteza, jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mchana.

Nestori alipoyaona magogo ya Mzee Iisakki akazunguka lundo lote. "Mnajenga nyumba au mnajenga kanisa?" akauliza. "Haya magogo au mababu zake?"

Uuno akamwambia, "Wewe tuletee farasi, mdomo uache nyumbani."

"Mdomo ndio unaomwendesha farasi, bwana. Mimi mwenyewe hapa abiria tu."

Tulianza na mizigo myepesi, kuilainisha njia. Mapao ya paa, mbao fupi za pembe za madirisha, fito. Vieno alipita Jicho bila kugeuza hata sikio. Siku za kwanza zile nilikuwa na furaha mpaka nikajiogopa. Nilipima pale kitanda cha mtoto kitakapokaa, nikachora kwa fimbo kwenye theluji. Mama Loviisa akanikemea, akasema usichore kitanda kabla ya ukuta. Nikamwambia ukuta uko njiani unakuja.

Kisha yakaja magogo ya chini, yale manene marefu ambayo nyumba yote huyakalia. Asubuhi, baridi nzuri, Nestori mbele ameshika hatamu, Uuno ubavuni, mimi nyuma na kamba ya kuzuia mzigo usiteleze. Tulipofika Jicho, Vieno akasimama. Farasi yule hajawahi kusimama pasipo amri. Nestori akambembeleza. "Vieno, mama, twende. Si jana tu ulipita? Umeanza kudeka kwa kuwa Aune anatazama?" Akambusu pua. Akamvuta. Farasi akamwamini, akapiga hatua.

Hapakuwa na kishindo, Elvi. Palishusha pumzi tu, kama mtu aliyechoka anapoketi. Miguu ya mbele ikazama mpaka kifuani, na mzigo ukaja nyuma yake ukateleza, ukainamia upande, ukaanza kushuka. Sijui kamba niliiachia au iliniachia, viganja vyangu bado vina alama. Uuno akakata mikanda kwa shoka. Vieno alikuwa analia, sikujua farasi hulia vile. Tukamtia fito chini ya tumbo, Nestori amelala kifudifudi kwenye maji ameshikilia kichwa chake, anamwimbia. Anaapa, anaimba, anaapa. Tukamtoa. Mungu ni mkubwa, tulimtoa akiwa hai, lakini bega lake limeharibika, na kuvuta hatavuta tena mwaka huu.

Magogo yakashuka yote. Yakaenda taratibu, yakitutazama, ncha za mwisho zikabaki juu kama vidole.

Uuno alikuwa anachimbachimba kwa shoka akitafuta mnyororo wa sleji. Shoka likaja na tawi la msonobari. Bichi kabisa, Elvi, kama limekatwa asubuhi ile. Akavuta jingine, na jingine. Chini yake uji. Akatazamana na Nestori. Yalikuwa yale ya maziko ya Mzee.

Na wakati uleule tukamwona Mama Loviisa anakuja kwa mbali na birika, anatuletea kahawa, kahawa yako wewe. Uuno akaanza kuyasukuma matawi kwa mguu yarudi majini. Hakuwahi. Mama akafika, akamwona farasi anatetemeka, amegandwa na matawi miguuni. Akauliza, "Matawi hayo yametoka wapi?"

Nestori, yule yule mwenye mdomo, amelowa mpaka nywele, meno yanagongana, akamwambia, "Ni ya kwenye sleji, mama. Nilitandika mimi, magogo yasiteleze. Ujinga wangu mwenyewe. Leta hiyo kahawa kabla sijafa."

Mama akamimina. Akampa kwanza Nestori, kisha Uuno, kisha mimi. Akamtazama mwanawe, akasema, "Huyu Nestori ana tabia mbaya ya kusema uongo vizuri." Akageuka akaenda zake na birika tupu.

Nimpe Uuno haki yake, hakumlaumu mama yake hata kwa jicho. Mimi ndimi niliyekuwa na hasira. Nilitamani nimlaumu mtu. Nilitaka kumlaumu bibi yule, nikashindwa, maana na mimi niliyakata matawi yale kwa mikono yangu na nikayalaza kwa upendo. Nikamlaumu Mzee kwa kufa Februari. Nikamlaumu Mungu, nikaomba msamaha, nikamlaumu tena.

Hatukukubali hapohapo, usidhani. Alfajiri theluji ya juu hushika ganda, hubeba mtu mpaka jua likipanda. Mimi na Uuno tukajifunga mikanda mabegani tukaenda kuvuta kama ng'ombe, gogo moja moja, kwa kuzunguka mbali na Jicho kando ya vichaka. Gogo moja linakula alfajiri nzima. Ukichelewa kidogo ganda linavunjika, unazama mpaka kiunoni, gogo linalala palepale ulipo. Nestori alikuja akatukuta tumekaa juu ya gogo, hatuwezi kusimama. Akasema tuyakate katikati, yatavutika. Uuno akauliza nyumba gani inajengwa kwa vipande. Nestori akasema, "Ya kuku. Lakini kuku wa maskini hatagi, kwa hiyo hata hiyo usijenge." Nikacheka, unajua? Nilicheka mpaka Uuno akadhani nimepata wazimu. Kisha Nestori akajifunga mkanda mwenyewe, akavuta na sisi. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini.

Yakafika machache, mengi yakabaki. Asubuhi moja Uuno akapiga magoti ghafla, ameshika kinena, uso mweupe. Kitu kimechanika ndani. Sasa amelala, kuinua ndoo tu ni marufuku, na kumkataza Uuno kuinua ndoo ni kazi kuliko kuinua ndoo yenyewe. Nikasema nitavuta mimi na Nestori. Upepo ukageuka ukatoka kusini usiku uleule. Mvua ikanyesha juu ya theluji. Nilikaa mlangoni mwa handaki naisikiliza, nikajua. Juzi korongo wametua pale Jicho, wanatembea kwa madaha kama wenye shamba. Kinamasi kimefunguka.

Basi ndivyo tulivyo. Mapao ya paa yako huku, magogo ya kuta yako kule, na ya chini yako chini kwelikweli. Nestori alisema tu, "Aune, paa mnalo. Imebaki nyumba." Safari hii hakucheka hata yeye.

Najua utaniuliza kwa nini tusijenge kulekule ng'ambo. Hakuna malisho, hakuna samaki, na ardhi si yetu. Utaniuliza mto. Hakuna mto, mdogo wangu, ungekuwepo tungeshayaelea toka zamani. Nimeyafikiri yote nikiwa macho, usinitumie mawazo, nitumie uzi wa sufu ukipata.

Mama Loviisa hali vizuri. Alisema neno moja tu kuhusu jambo hili, tukiwa tunakamua ng'ombe. Alisema, "Iisakki amejichukulia nyumba yake kinamasini. Nilimtandikia mimi." Nikamwambia, Mama, Nestori ndiye aliyetandika, si ulimsikia? Akanipapasa shavu kwa mkono wenye maziwa.

Uuno anasema mwakani. Tutakanyaga tena, Jicho litashika, mwakani. Mwakani ni neno la wanaume. Mwakani Vieno hatakuwa farasi wa magogo, mwakani Uuno atakuwa na tumbo lililoshonwa, na magogo kule mlimani yatakuwa yameshaliwa na wadudu upande mmoja. Lakini namwitikia. Mgonjwa haongezewi ugonjwa. Nawe usimwandikie tofauti.

Kwenye picha ya Maaret kuna maneno ameandika chini, ya Kiswidi. Nilimpa Nestori anisomee, maana aliwahi kuvua samaki na Waswidi. Akanisomea, "Paka wetu amezaa." Nikauliza, imeandikwa wetu? Akatazama tena, akasema ndiyo, wetu. Nimelala na neno hilo siku nyingi. Silikasirikii. Mtoto ana paka, paka ana watoto, kuna jiko, kuna kizingiti wanaposimama watu watatu. Wanaume wangu wawili wamekufa humu shimoni, mmoja mzee na mmoja hajaota meno yote. Nikimleta nitakuwa nimemleta kwa ajili yangu mimi, si kwa ajili yake.

Kwa hiyo mwandikishe huko, Elvi. Hili ndilo jibu. Mwandikishe shule huko, na usiseme kwa mwalimu kwamba ni ya muda. Watoto wa muda huwekwa nyuma darasani.

Na jambo jingine, niliandike upesi kabla mkono haujakataa. Uliniambia akisahau anakuita mama, na wewe kila mara humsahihisha, unamwambia mama yako yuko Ufini. Umenitunzia heshima yangu miaka mitatu na nusu, ahsante. Sasa acha. Mtoto wa miaka saba hawezi kwenda shule na mama aliye kwenye barua. Akikuita, itika. Siku ya kwanza itakuchoma, najua, nakujua ulivyo. Itika hivyohivyo. Na Gösta naye aitike. Uuno sijamwambia. Nitamwambia akishapata nguvu ya kukaa.

Nimeweka ndani ya kifurushi glavu nilizomfumia, nyekundu, zenye nyota mgongoni kama alizokuwa anafuma mama yetu. Nimekisia ukubwa kwa mkono wa mjukuu wa Nestori. Zikimbana zifumue, uzi ni mzuri, utafaa kitu kingine.

Nisalimie sana shemeji Gösta, mwambie kulingoja jino hakupendezi, aende aling'oe. Wasalimie wenzako wa kiwanda cha maziwa, yule Inga aliyenipa viatu hasa, bado ninavyo, vimevuka kinamasi mara nyingi kuliko viatu vyovyote vya Uswidi. Mama Loviisa anakusalimu na anasema kahawa ile ni ya watu wa peponi. Uuno anakusalimu. Nestori anakusalimu, anauliza kama huko kuna mjane mwenye farasi.

Mungu awalinde mkilala na mkiamka, awafungie mlango dhidi ya baridi, akikuze kifua cha mtoto kiwe kipana. Hilo ndilo ombi langu la asubuhi na jioni, mengine yote nimeyapunguza.

Nami nabaki dada yako akupendaye,

Aune

Maaret mbusu kwenye paji la uso, upande ule wenye kovu la jiko. Akiuliza glavu zimetoka kwa nani, mwambie zimetoka kwa mama yake mkubwa.